Gari ya Mtoto wa Ami

Muhsina alianguka mtihani wa udereva mara tano, zote kwenye mapipa, pale mtu anapotakiwa arudi kinyumenyume baina ya mapipa bila ya kuyagusa. Mara ya sita akapasi. Mwaka huo ulikuwa 1997, na yeye ana miaka thelathini na nane, mjane, mwalimu wa jiografia Khuwair ya Kusini, anakaa Ghubra, hapa Maskati, na mama yake, Bi Masouda. Miaka kumi alikuwa akipelekwa skuli na kaka yake Hamoud, na Hamoud si dereva wa kunyamaza. Kutoka mlangoni mpaka skuli atauliza simu ya jana ilikuwa ya nani, na kwa nini anataka kwenda Ruwi Alkhamisi ilhali vitambaa vipo Ghubra. Muhsina alitaka kitu kimoja tu duniani: atoke nyumbani bila ya kumuomba mtu.

Basi mtoto wa ami yake, Salem, akasikia kwamba anatafuta gari. Salem alikuwa nazo mbili za Kijapani, nyeupe, za mwaka themanini na tatu, zimefanana kama pacha. Akaja na moja Ijumaa baada ya chakula.

"Tazama mwenyewe," akasema, kidole kwenye saa ya kilomita. "Elfu arubaini na mbili. Gari ya kwendea msikitini hii." Bei, riale mia tisa.

Mtu mwengine angeita fundi. Angefungua boneti, angevuta bei, angeizungusha mpaka Sib na kurudi. Lakini sisi watu wa Unguja tuna maradhi yetu, tunayaita muhali, kuona haya kumkatalia au kumshuku mtu wako, na dawa yake haijapatikana hata huku Maskati. Kuiletea fundi gari ya mtoto wa ami yako ni kumwambia mbele ya mama yake kwamba yeye mwongo. Muhsina hata boneti hakuomba ifunguliwe. Akatoa riale zote mia tisa, Bi Masouda akaifukiza gari udi, na Salem akaondoka na dua juu.

Gari ikaenda vizuri siku tisa.

Ya kumi ikachemka njia ya Ruwi. Ikasukumwa mpaka gereji moja Wadi Kabir, na huko ndiko alikomkuta Zakayo, fundi kutoka Moshi, mtu asiyejua kupamba maneno.

"Mwalimu," akasema Zakayo, "saa hii ina tarakimu tano tu. Ikifika laki inarudi sifuri. Kwa jinsi ninavyoiona hii injini, imeshazunguka mara tatu."

Ikabadilishwa rejeta. Baada ya rejeta, pampu ya maji. Baada ya pampu, gasketi, maana kule kuchemka kulikuwa kumeshaila. Kiyoyozi kikafa mwezi wa Juni, na Juni ya Maskati haina mzaha. Bangili mbili za harusi yake zikaingia kwenye giaboksi. "Dada, hii gari inakula kuliko wanangu wanne," Zakayo akamwambia, na alisema kwa huruma kabisa.

Nyumbani, lakini, gari haikuwa na kasoro. Kila Ijumaa Salem atauliza mbele ya watu, mkono ungali kwenye sinia ya pilau, "Gari yangu yaendaje?" Amjibu nini? "Mashallah, haijanisumbua hata siku moja." Na Hamoud yuko pale anamtazama. Akijua tu kwamba gari mbovu, kesho asubuhi atakuwa mlangoni anapiga honi. Kwa hivyo Muhsina akasifu. Alisifu mafuta inavyokula kidogo, akasifu ubaridi wa kiyoyozi na kiyoyozi chenyewe kiko juu ya meza ya Zakayo. Masikini, alisifu mpaka akapindukia.

Kwani mwezi wa Novemba Hamoud aliuza gari yake, nzima, ya miaka minne, akanunua ile pacha ya Salem. Pesa zilizobaki akajengea majlisi, ukumbi wa kupokelea wageni. Habari zikamfikia Muhsina. Aseme? Akisema, amejiumbua mwongo wa miezi, na uhuru wake basi tena. Akanyamaza, na kunyamaza huko kulimuuma kuliko zile bangili.

Januari, Jumatatu moja, aliaga kwamba ana mkutano wa walimu, akapeleka gari kutiwa breki. Kwenye benchi la gereji, kanzu kaikunja magotini isishike grisi, alikuwa amekaa Hamoud, ambaye mkewe Bashayer akijua yuko wizarani. Gari yake ilikuwa mbele yake, injini imewekwa chini.

"Karibu, mwalimu," akasema Zakayo wa watu, hana habari. "Breki tena leo?"

Hamoud akageuka. "Tena?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Muhsina akakaa karibu yake, akamueleza yote, tangu rejeta.

"Kwa pesa hizo ungechukua mpya," Hamoud akasema.

"Najua."

"Na mimi ukaniacha nnunue."

"Hilo nimekukosea, kaka. Nisamehe. Nusu ya hiyo injini nitalipa mimi."

"Basi kwa nini hukunambia mapema?"

Majibu ya heshima alikuwa nayo mengi. Akayaacha.

"Kwa sababu ungerudi kunipeleka. Pesa zote hizi sikuzitia kwenye gari. Nimejinunulia nisikuombe ruhusa."

Hamoud akainamisha kichwa, akaanza kuikunjua kanzu polepole. Wakakaa hivyo mpaka adhuhuri, hakuna aliyemsema Salem kwa neno. Zakayo akaleta ufunguo wa gari ya Muhsina.

"Yako wiki mbili, mzee," akamwambia Hamoud.

Hamoud akamfuata dada yake mpaka kwenye gari, akasimama dirishani.

"Kesho asubuhi utaweza kunipitia?"

"Nitakupitia."

Hamoud akazunguka, akapanda upande wa pili, akafunga mlango. Muhsina akazungusha ufunguo; mara ya kwanza gari haikuwaka, wala ya pili.

"Na Bashayer usimwambie," Hamoud akasema.