Namba Aliyoikariri Mama

Kampuni ya kwanza ya simu kufika Kilwa Masoko ilikuja na mnara mmoja na kiburi cha minara kumi. Hapakuwa na nyingine, na walijua. Unaingia ofisini kwao, unasalimia, kijana wa tai anaendelea kubonyeza simu yake mpaka achoke. Nilivumilia kwa sababu laini yao ilinipa namba nyepesi, tarakimu mbili tu zinazojirudia mpaka mwisho, na mama yangu kule Kinjumbi, ambaye hakusoma, aliweza kuikariri.

Tulikuwa na utaratibu wetu wa kubipu. Akibipu mara moja, hajambo. Mara mbili, dawa yake ya presha imekwisha. Mara tatu mfululizo, niache kila kitu nije. Mimi nilikuwa nakaanga samaki sokoni, na vocha niliiona kitu cha watu wa ofisini, kwa hiyo simu yangu ikaishi kwa kupokea bipu za mama. Sikujua kwamba laini isiyowekwa vocha kwa muda fulani hufungwa.

Ikanyamaza wiki mbili. Sikushtuka hata kidogo, maana mnara ule ulizoea kuzimika, na sisi tulizoea kusema mtandao umekwenda kuoga. Kumbe mnara ulikuwa mzima. Laini yangu ndiyo iliyofungwa, na namba, kwa kuwa ni nzuri, kijana wa tai alikuwa amekwisha kumpa mfanyabiashara mmoja aliyeitamani.

Katika wiki hizo mama alianguka uani, upande wake wa kulia ukafa ganzi. Alijikokota mpaka ilipo simu, akapiga kwa mkono wa kushoto. Mfanyabiashara aliona namba asiyoijua, akakata. Mama akapiga tena, na tena, akakatiwa zote. Alilala sakafuni mpaka kesho yake, jirani alipopita kuazima kinu, akamtuma mtu kuja kuniita. Nilipofika, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Ilikuwa inaita, mwanangu. Ukawa unakata."

Nilipoulizia na kujua, nikamweleza habari za laini kufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekutwa na kuku wako mkononi.

Nilikwenda ofisini nikiwa bado na harufu ya mafuta ya samaki. Kijana akasema, "Dada, masharti yameandikwa nyuma ya vocha."

"Mimi sinunui vocha."

"Sasa si ndiyo tatizo lako hilo," akasema, akamgeukia mwenzake, wakacheka.

Watu walinishauri nimwachie Mungu. Nilimwachia sehemu yake, yangu nikaishika mwenyewe.

Baadaye kampuni ya pili ikaingia, na gari la spika na fulana za bure. Walikuwa wanatafuta wakala anayefahamika vijijini. Hawakumaliza swali, nikawa nimekwisha kuepua karai. Nilizunguka Masoko, nikaenda Nangurukuru nikisimama kwenye kila banda la chakula, nikafika Kinjumbi na vijiji vya jirani, na kila mahali niliwasimulia habari ya mama yangu sakafuni. Laini mpya nilitoa bure, kwa sharti moja ambalo kampuni haikunituma: nipe ya zamani. Nikishapewa naivunja kwa kisu cha kuparia magamba, mwenyewe akiona. Sitasema uongo, sauti ile ya kuvunjika niliipenda kuliko sauti ya samaki wanapotumbukia kwenye mafuta ya moto.

Ofisi ya kwanza ikapoa. Wakatoa meza nje, kijana wa tai akasimama juani akiita wapita njia mama, dada, shangazi, karibuni. Siku moja akaja mpaka kwenye kibanda nilichokuwa nauzia laini. Alisema ameongea na wakubwa, namba yangu inaweza kurudi. Nikamwacha amesimama, nikahudumia wateja wanne, na wa tano alikuwa mtoto aliyetaka chenji tu.

"Kwetu na sisi kuna masharti," nikamwambia. "Muulize mama yangu. Yuko Kinjumbi, hana haraka, mkono mmoja haufanyi kazi."

Aliondoka kichwa chini. Haikupita muda mrefu wakafunga ofisi, na siku hiyo nilikula wali wa nazi kwa pweza kama siku ya Idi.

Kesho yake nikaenda Kinjumbi na simu mpya yenye vitufe vikubwa. Nikamwamkia mama, akaitika. Nikamweleza yote, jinsi walivyofunga, jinsi yule kijana alivyoinamisha kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema wamepata walichostahili. Kisha nikamwonyesha kitufe kimoja: akizidiwa, asihangaike na tarakimu, akibonyeza hicho tu kitapiga moja kwa moja.

"Kitampigia nani?"

"Mimi, mama."

Akaniwekea simu mapajani kwa mkono wake wa kushoto.

"Niwekee ya dada yako wa Lindi," akasema. "Wewe una kazi nyingi."

Nikaiingiza namba ya dada yangu.