Nafula, Champion alikuulizia live na hakuna aliyekuwa amemwambia

Hata sasa naandika hii kitu nikingoja mtu aniinbox aseme, "Kevo, wacha ujinga, Nafula ako tu kwa kibanda." Nangoja. Hakuna mtu ameinbox.

Kwa wale hamkumjua: Nafula alikuwa admin wetu pale Vumbi na Raba, group ya mashabiki wa mbio hapa Eldoret. Mchana anauza raba za mtumba karibu na stage ya matatu, Jumamosi anatuletea mastaa live kwa simu tuwaulize maswali.

Alifariki Jumatano wiki iliyopita. Nini ilimuua? Usiniulize. Mmoja aliniambia ni presha, mwingine akasema alianguka tu akifungua kibanda. Mimi asubuhi hiyo hiyo nilimpita na pikipiki, akanipigia kelele niende pole pole. Sasa hapo nielewe nini?

Live yetu ya kwanza kabisa, kabla hajashika usukani, ilikuwa aibu. Kila mtu akipewa nafasi: "Bwana asifiwe, kwa majina naitwa fulani, kwanza nashukuru Mungu kwa siku ya leo, nasalimia admin, nasalimia watu wetu wa Moi's Bridge…" Mgeni aliishiwa na bundles za data kabla hajaulizwa swali hata moja. Aki sisi!

Ndio Nafula akaleta yake. Mgeni akiingia tu: "Karibu. Hawa wote wamekusalimia, na wote wako salama. Haya, maswali." Ukianza na Bwana asifiwe, mute. Hata pastor alikula mute. Pastor mzima!

Maswali alikuwa anataka mapema, inbox, anayasoma akipanga raba. Yenye yanafanana anaunganisha, lakini anawataja wote majina ndio mtu asinune. Swali la kwanza anapatia mtu hajawahi kuongea. Sisi wenye midomo tunangoja. Mimi nangoja, mimi Kevo, mwenye sauti tamu kushinda zote North Rift! Form Two niliacha, lakini mdomo ulimaliza university.

Siku moja nilipata nafasi nikaanza kueleza mkimbiaji fulani vile nilikuwa moto wa kuotea mbali huko primary, na vile goti ndio iliniangusha.

"Kevo, hiyo ni historia yako. Swali liko wapi?"

"Linakuja, madam."

"Likifika utatuita."

Nilichekwa wiki nzima, hadi na abiria wangu wa boda.

Na kuomba mgeni vitu alikuwa amekataza. Jamaa wa Burnt Forest akajifanya mjanja: "Mkubwa, hizo raba zikizeeka huwa unapeleka wapi?" Kabla mgeni afungue mdomo, Nafula: "Anapeleka kwa kibanda yangu. Njoo ununue."

Mwingine aliuliza mkimbiaji mambo ya ndoa yake iliyovunjika. Nafula hakupiga kelele. Alisema tu, "Huyu angekuwa ameketi kwenu, chai iko mezani, ungemuuliza hivyo?" Jamaa akafuta swali mwenyewe.

Sasa Champion wa Jumamosi iliyopita, yule bingwa wa mbio ndefu, huyo Nafula alimtafuta tangu group ikiwa changa. Anakataliwa, anashukuru, anakaa, anauliza tena kwa heshima. Mwishowe jamaa akakubali. Halafu Nafula ndio huyo, ameenda.

Tukazozana. Wengine: live ifutwe, ni dharau, hatujazika. Wengine: tukimfutia huyu hatarudi tena, na hiyo jasho yote ya Nafula itakuwa bure. Mwisho tukapigia mamake Nafula simu. Mama akasema, "Mgeni ameitwa na mtoto wangu. Nyinyi mtamfukuza kama nani?"

Basi nikapewa mimi niendeshe. Sijui nani alinichagua. Nafikiri ni mimi.

Champion akaingia. Nikamkaribisha kwa niaba ya wote, safi kabisa. Akasema, "Asante, kijana. Na yule mama admin ako wapi leo?"

Wueh.

Kwani hajui? Kumbe kambini wakijiandaa na mbio simu huwekwa kando, alikuwa amepewa yake saa hiyo tu. Mimi nilidhani group imemwambia. Group ilidhani mimi nimemwambia. Watu wote hao, kila mtu amemwachia mwenzake!

Nikasema, "Champion, Nafula alifariki Jumatano."

Inbox yangu inawaka: "Uliza swali!" "Funga live!" "Ombeni kwanza!" Sikujua nifuate nani. Hiyo ndiyo siku mdomo wangu ulikosa kazi.

Halafu Champion akasema, "Basi maswali yenu yangoje. Leo nitauliza mimi. Ameacha watoto?"

Mmoja akasema wawili. Mwingine akasema ni mmoja, yule mwingine ni wa dada yake.

"Kwao ni wapi?"

Bungoma. Hapana, Webuye. Hapana, alizaliwa hapa hapa.

"Na yeye mwenyewe aliwahi kukimbia?"

Watu wanaojua huyu Champion alikunywa maji wapi kwa kila mbio, hakuna aliyejua.

"Kwani hamkuwahi kumuuliza?"

Hakukemea. Hiyo ndiyo iliniuma. Akasema atakuja mazishi Ijumaa, na live yetu atarudi amalizie, kwa sababu alimpa Nafula neno lake.

Kwa hivyo live yako haikuharibika, madam. Nafikiri. Sijui. Tayari kuna watu wanapanga selfie na yeye huko mazishini, na sijui wewe ungewaambia nini.

Mimi swali la Champion sina tena. Niko na lako, na hii ni fupi: uliwahi kukimbia, Nafula?

Ijumaa nitaketi karibu na mamako. Nitamsalimia vizuri, nimpe pole, nimuulize.

Lala vizuri, dada yangu.