Doti Isiyokatwa

Nyumbani kwetu Wembley, London, kitenzi kupinda hakipumziki. Basi hupinda penye kituo cha treni. Anayekwepa swali huambiwa asipindishe maneno. Na mgongo wa mama yangu, aliyetoka Unguja baada ya Mapinduzi akiwa amenibeba, sasa umepinda. Nilisomea lugha chuo kikuu, nami naweza kuthibitisha kwamba hata Mapinduzi yenyewe ni ya ukoo wa neno hilo. Kwa mama, hata hivyo, maana ya kwanza ni kupinda kanga. Kanga mpya haivaliwi kabla ya kupindwa, na kila mzazi wa familia yetu amejifungua akisubiriwa na doti iliyopindwa kwa mkono wa mama yangu.

Safari hii ilikuwa zamu ya binti yangu kujifungua. Macho ya mama yalikuwa yamefifia, nikamsihi apumzike. Nilijua anachokiogopa: nyumba kuzoea kuishi bila kumhitaji.

Binti yangu, mzaliwa wa hapahapa, akaona amsaidie. Aliipeleka doti kwa fundi wa mapazia huko Harrow, ikarudi imepigwa cherehani vizuri kabisa. Mama akaikunjua. Akaendelea kukunjua. Kanga ikavuka kochi, ikafika mlangoni.

“We mwana, hii umempindia nani? Mnara?”

Binti akauliza, kwa Kiingereza, kosa liko wapi.

“Hukuikata! Doti ni kanga mbili, bibi wee. Hukatwa kwanza katikati, ndipo zikapindwa.”

Alicheka mpaka miwani ikamteremka. Mimi nilikuwa tayari kuirudisha kwa fundi. Nashukuru nilifunga mdomo. Mama aliomba mkasi, akakata, na kila kanga ikabaki na ukingo mmoja unaochomoka nyuzi.

“Kaa,” akamwambia mjukuu wake, akimpa sindano. “Huo wako, huu wangu. Kunja mara mbili. Usivute uzi.”

Binti akakaa na tumbo lake kubwa. Baada ya mishono michache akauliza, kwa Kiswahili, “Hivi, Bibi?”

“Fumua.”

Akafumua.

Mtoto alipozaliwa, kanga zote mbili zilikuwa tayari. Kila moja ina upande ulionyooka na upande unaoyumba. Kati ya hizo mbili zinazoyumba, siwezi kusema upi ni wa mama na upi wa binti yangu. Wao wenyewe hugombania ule usioyumba sana.