Makoti Ishirini na Manne

Koti lenyewe lina doa kwenye kiwiko cha kushoto. Tangu nilipolivaa mara ya mwisho nimehama nyumba tisa na miji minne, nikaacha nyuma vitanda, redio, hata picha za watu niliowapenda, lakini koti hilo nimelibeba kila mahali. Nikifika chumba kipya, kitu cha kwanza ninachotafuta ni msumari wa kulitundikia.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nafanya kazi Birmingham, kwenye karakana ndogo ya shaba pale Hockley. Tulitengeneza vifungo, bizimu za mikanda na vitasa vya milango. Nyapara wetu alikuwa Mwingereza mfupi, mpole, asiyepandisha sauti hata mashine zikikwama. Ijumaa moja aliniuliza kama naweza kushika mti mrefu wima kwa saa nzima bila kulalamika. Nilidhani anataka nimsaidie kupaka nyumba yake rangi.

Kumbe mti wenyewe ulikuwa mkuki wa futi kumi na sita. Yeye na wenzake walikuwa na kikosi kilichoigiza vita ambavyo Waingereza walipigana wao kwa wao zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, watu wa mfalme upande mmoja na watu wa bunge upande wa pili. Kikosi kilipungukiwa na watu warefu. Nikamuuliza kama majeshi ya siku zile yalikuwa na mtu mweusi. Akafikiri, akasema vita vya namna ile vilimzoa kila mtu, hata aliyekuwa anapita njia. Mimi nimekuwa mpita njia tangu nilipomaliza shule, basi nikakubali.

Tulikutana chumba cha juu cha baa moja Kings Heath, watu ishirini na wanne: mafundi bomba, dereva wa basi, mwalimu, wawili wa karakana yetu. Niliwapenda mapema kuliko nilivyotarajia. Hawa walikuwa watu wa kusimama kwenye mashine wiki nzima, halafu siku yao ya mapumziko wanakwenda kulala kwenye majani mabichi wakijifanya maiti, ili babu zao walioshindwa wasisahauliwe. Aliyepangiwa kufa alilala pale pale alipoangukia, mvua isimwinue, sisimizi wasimwinue, mpaka ngoma ilie. Hapo pande zote mbili zilivua kofia na kunyamaza kwa ajili ya waliokufa kweli. Mimi nilitoka nchi ambako wafu wa vita vyetu walikuwa bado wabichi, na sikuwahi kuona maadui wakivuliana kofia.

Shida ilikuwa mavazi. Tulivaa mablanketi ya jeshi na mapazia ya kale, tukaonekana kama watu waliokimbia nyumba inayoungua. Kamanda mkuu, bwana mmoja wa kupanda farasi, alimwambia nyapara kwamba msimu ujao tuje tukiwa askari, tupewe pambano moja la majaribio. Tukiliharibu, tutabaki kulinda mikokoteni nyuma ya uwanja.

Hapo nikamkumbuka mwenye nyumba wangu. Nilipanga chumba Sparkbrook, nyuma ya maduka ya Ladypool Road, kwa Kalasinga mmoja aliyezaliwa Nakuru. Kule alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini, suti za harusi na sare za shule, mtu wa kusalimiwa barabarani kwa jina la kazi yake. Hapa alikuwa anasukuma matoroli ya vyuma kiwandani, na cherehani yake ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa shuka. Watoto wake walimjibu kwa Kiingereza. Kiswahili chake alikimalizia kwangu, jikoni, tukinywa chai ya maziwa. Alikuwa amepita kwenye maduka mawili ya washonaji kuomba kazi, akaambiwa arudi siku nyingine. Hakurudi. Alisema mikono yake imeanza kusahau, na alipolisema hilo aliiangalia kama mikono ya mtu mwingine.

Nilipomweleza habari ya makoti, alicheka kwanza.

"Watu wazima?" akaniuliza. "Na fimbo?"

"Mikuki, fundi."

"Na nani anashinda?"

"Wao. Sisi tunakufa."

Akataka picha. Mwalimu wetu akamletea mchoro wa koti la zamani, na fundi akakaa nao siku mbili. Kisha akatoa cherehani chini ya kitanda. Kwa malipo alisema tutaongea baadaye. Sharti lake lilikuwa kuyaona makoti yakivaliwa, mbele ya watu. Akasema mtu akiyatazama tu, atajua kama yeye bado ni fundi au si fundi.

Alishona majira ya baridi yote, akitoka kiwandani, sufu nzito ya rangi ya kutu. Vifungo tulivitengeneza sisi Hockley. Mishono yote iliyoonekana kwa nje aliipiga kwa mkono, kwa sababu mwalimu alimwambia enzi zile hakukuwa na mashine. Siku ya kutukabidhi alikuja Kings Heath amevaa suti, akatuita mmoja mmoja, akatufunga vifungo kama watoto wa shule, akavuta bega, akarudi nyuma kutazama. Mwishoni akasema neno moja, nami nikatafsiri.

"Hii koti usitupe chini. Ukivua, tundika."

Watu wazima ishirini na wanne wakaitikia kwa vichwa, kama walioapishwa.

Siku ya vita ilinyesha tangu asubuhi. Uwanja ulikuwa nje kidogo ya mji, nao ulikuwa tope la kufika vifundoni. Mpango ulikuwa rahisi: magobori ya upande wa pili yatalia mara mbili, na mlio wa pili nusu yetu tuanguke. Tukapanga mstari, mikuki juu. Nikamwona fundi kwenye kamba ya watazamaji, kilemba cheupe, mwavuli mweusi, suti ile ile. Najua wenzangu nao walimwona, maana migongo ilinyooka yote kwa pamoja.

Magobori yakalia mara ya kwanza. Yakalia ya pili. Hakuna aliyeanguka.

Nilimtazama dereva wa basi kulia kwangu, aliyepangiwa kufa kabla yangu. Alikuwa anatazama tope, kisha koti lake, kisha kilemba kule kwenye kamba. Magobori yakajazwa tena, yakalia mara ya tatu. Tukasimama kama miti. Watazamaji wakaanza kucheka, na adui mmoja akatuomba kwa sauti ya kuchoka tufe basi, baruti inawaishia. Kamanda akageuza farasi kuja kwetu. Nyapara, ambaye shingo yake ilikuwa nyekundu kama shaba iliyotoka tanuruni, akaninong'oneza bila kugeuka: nimuulize mwenye makoti.

Basi nikapaza sauti, katikati ya vita vya Waingereza, kwa Kiswahili.

"Fundi! Tunatakiwa kufa!"

"Sasa mnangoja nini?"

"Makoti, fundi. Kuna matope!"

Nilijua anayaona majira yote ya baridi pale mstarini, kila tundu la kifungo. Kamanda alikuwa ameshafika karibu, na sote tulijua kwamba tukifukuzwa leo, makoti hayo hayatavaliwa tena mbele ya mtu. Fundi akafunga mwavuli.

"Nilishona koti ya vita ama ya harusi? Lala! Matope inatoka!"

Nikaangukia kiwiko cha kushoto. Dereva wa basi akanifuata, halafu mwalimu, halafu wote, hata wale ambao hawakupangiwa kufa, mpaka nyapara akabaki peke yake na bendera, adui wakamzunguka wasijue wamfanye nini. Nililala shavu kwenye tope, nikasikia watu wakipiga makofi. Chini ya makofi hayo nilisikia Kiingereza cha fundi, polepole, akimweleza mtu aliyesimama karibu naye kwamba yale yote yaliyolala pale ni kazi yake.

Ngoma ililia. Tukainuka, kofia zikavuliwa, kimya kikapita. Kisha kamanda akashuka kwenye farasi. Nilidhani atatutuma kwenye mikokoteni. Akashika mkono wa koti langu, akafuta tope kwa kidole gumba, akaufuata mshono mpaka begani. Akauliza limeshonwa na nani. Nikamwelekeza kwenye kamba, naye akaenda mwenyewe, buti zikizama, akamuuliza fundi kama anaweza kuvisha kikosi chake kizima, watu themanini.

Fundi alinigeukia mimi.

"Muulize wanakufa tena lini," akasema. "Nataka kujua niko na muda gani."

Doa halikutoka, nimelifua kwa kila sabuni. Lakini Jumanne iliyofuata niliporudi kutoka kazini nilikuta kitanda kimesogezwa ukutani, na cherehani iko dirishani, mahali ambapo kila apitaye barabarani angeiona. Fundi alikuwa ameinama juu yake, na midomo imejaa pini.