Kisigino cha Wifi

Mtu asiniambie kwamba mtu mzima hafundishiki. Mimi nimemfundisha wifi yangu kusimama.

Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu, tunaishi naye nyumba moja. Alishona kiwandani tangu usichana wake, na kiwanda kilipofungwa, sehemu ya kiinua mgongo chake ilikuwa mashine ileile aliyokuwa akiikalia. Akazunguka na bahasha yake kutafuta kazi. Kila mahali walimwita mama, wakamkaribisha kiti, wakaajiri wasichana. Mwisho akajiandikisha mafunzo ya kuendesha foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo ghalani. Akifaulu, ghala linamchukua. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikaona mwenzangu hacheki.

Tatizo likawa mguu. Mashine ya kiwandani ukikandamiza vidole inakimbia, ukirudisha kisigino inasimama. Foklifti haitambui kisigino. Ina mafuta na breki, basi. Siku ya jaribio alifika karibu na maboksi, akakandamiza kisigino kwa nguvu zake zote, na gari likaendelea kuteleza kwa raha zake hadi likayaangusha. Mwalimu alimwambia amebakiza jaribio moja. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Na bila kazi ile angerudi kwao. Tayari alikuwa ameanza kukunja nguo. Mimi na yeye hutukanana kutwa, lakini nyumba ile bila sauti yake nisingeiweza.

Basi jikoni kukawa chuo. Niliweka mifuniko miwili ya sufuria sakafuni, wa kulia mafuta, wa kushoto breki, yeye kwenye kiti, mimi na vitunguu vyangu. Nikisema simama, mguu uhamie kushoto ukandamize. Kisigino kikawa kinarudi tu, kaidi kama mwenyewe. Nilimkaripia, akanijibu maneno yasiyoandikika. Nikawa namvizia hata akinywa chai: simama! Mguu ukaanza kutii.

Siku ya jaribio la pili nilisimama getini. Mkaguzi wa ghala alimwacha anyanyue mzigo, ageuze, arudi. Halafu, bila kumwonya, akasukuma pipa tupu mbele yake. Nilikiona kisigino kinatikisika. Nikajua tumekwisha. Mguu ukahama, ukakandamiza, na gari likasimama pipa likiwa linagusa ncha ya chuma cha kunyanyulia. Mkaguzi akamwambia aje kesho kuanza kazi.

Walimpa ovaroli, ndefu kama ya jitu. Jioni akaketi kwenye mashine yake apunguze miguu ya suruali. Nilikuwa pembeni namtania kwamba sasa nina wifi dereva, nitakuwa napanda bure. Alishona upindo vizuri hadi mwisho, mahali pa kusimama. Mguu ukahama kushoto, ukakandamiza. Pedali ya mashine ile ni pana, haina kushoto wala kulia. Sindano ikapita upindo, ikaparamia kitambaa cha mguu wa pili.

"Simama, wifi," nikamwambia.

Akakandamiza zaidi.

Mashine ilikimbia hadi uzi ukakatika, miguu yote miwili ya suruali imeshonwa pamoja. Akaichomoa kwenye mashine.

"Wifi," akasema, "sijui tena kushona."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, nikaumeza. Alifunika uso kwa ovaroli akalia, nami nikachukua mkasi nikaanza kufumua, kwa sababu kesho alitakiwa kazini.