Usiipige Windo

Kompyuta ya papa, baba yangu, huamka kama mgonjwa wa kifua. Feni inakohoa, kioo kinabaki cheusi kwa muda unaotosha mtu kukata tamaa, kisha unajitokeza mfumo ule ule wa zamani, wenye vitufe vya buluu ambavyo rafiki zangu wa Kasese waliviona mara ya mwisho shule ya msingi. Nimeichukia mashine hiyo miaka mingi. Siku hizi naiombea isife.

Papa alivuka mpaka kutoka Butembo akiwa kijana, akaoa huku kwetu Bwera, akawa mwalimu wa kwaya. Hafundishi kwa karatasi. Anaandika nota ndani ya programu ambayo padri mmoja alimwachia kwenye sidii, na kompyuta inaziimba kwa sauti nyembamba ya filimbi: soprano peke yake, alto peke yake, tenori, besi. Wanakwaya huja na simu, kila mmoja anarekodi sauti yake na kwenda kujifunza huku akipalilia kahawa Karambi. Jumapili sauti hizo zinakutana kanisani kwa mara ya kwanza. Utotoni nilidhani nyimbo zote duniani huzaliwa hivyo.

Kisha kiharusi kikamnyang'anya sauti ya kuimba na mkono wa kulia. Kuongea anaongea, polepole, kalamu haishiki. Kimebaki kidole kimoja cha kushoto na programu ile, ambayo mifumo mipya haiikubali. Tuliijaribu kwenye laptopu yangu, ikakataa hata kufunguka, na sidii yenyewe sasa imechubuka, haisomeki. Ndani ya kompyuta umo wimbo wa sadaka ambao papa hajaumaliza. Soprano, alto na tenori zimeshaandikwa. Besi imo kichwani mwake tu.

Kwa hiyo asubuhi moja kioo kilipogoma kabisa kuwaka, nililifunga kasha la kompyuta kwa kitenge, nikalipakata hadi Kasese.

Mafundi wa Kasese wana dawa moja kwa kila ugonjwa. Mashine ikifika, wanafuta kila kitu na kuweka mfumo mpya, na hiyo ndiyo wanayoiita kupiga windo. Hawaulizi kilichomo. Nilivuta kigoda, nikakaa karibu na mikono ya fundi.

“Madamu, acha hapa, rudi jioni,” alisema. “Tunaipiga windo mpya, itakimbia kama boda.”

“Usiipige windo.”

“Lakini hii iko na mfumo wa mababu. Hata virusi vya humu vimezeeka, vinatembea na fimbo.”

“Usiipige, ssebo,” nikamwambia kwa heshima. “Kuna wimbo ndani.”

“Wimbo? Mimi nitakuwekea mia kwa flashi.”

Nikamweleza. Aliacha kucheka. Akafungua kasha, akapuliza vumbi jekundu, akachomoa kipande cha memori na kukisugua meno kwa kifutio cha penseli. Kioo kikawaka. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameinamisha sikio.

“Sikia diski inavyolia. Hiyo inakufa, madamu. Nakili wimbo wako haraka.”

“Nimeshaunakili. Nitaufungulia wapi?”

Alinirudishia kitenge changu kimekunjwa vizuri, kama mtu anayetoa pole.

Papa alikuwa ananingoja Bwera, ameshavaa miwani. Nilichomeka nyaya huku nikimsihi.

“Papa, nitajie nota za besi, niziandike kwa karatasi. Leo hii.”

“Nota haitajwi, mama. Inasikiwa.”

“Basi fanya haraka. Fundi amesema diski inakufa.”

“Na mimi alisema nini juu yangu?” Akatabasamu kwa upande wa uso uliobaki mzima. “Besi haiko mutu wa kukimbia.”

Alianza. Kidole kinatafuta kitufe, kinaelea juu yake, kinashuka. Malori ya kwenda mpakani Mpondwe yalipita yakitikisa meza, na kila yalipopita nililishika kasha. Jua lilikuwa limehamia dirisha la pili alipofika mwisho wa ubeti. Akabonyeza, na sauti nne zikaimba pamoja sebuleni kwetu, kwa filimbi zile za kitoto ambazo nilikuwa nazionea aibu mbele ya wageni. Besi iliingia chini ya zile nyingine kama mtu anayebeba machela bila kuyumba.

Papa alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimelala begani. Kisha kidole kikaenda kwenye kitufe cha kufuta. Nota za besi zikaanza kutoweka, moja baada ya nyingine, mpaka mstari ukabaki mtupu.

“Papa, ilikuwa nzuri.”

“Nzuri, ndiyo,” alisema. “Lakini haiko ile.”

Akarudi kwenye nota ya kwanza. Feni ilikohoa, ikasita, ikaendelea. Nilipiga magoti chini ya meza, nikaushika waya wa umeme pale unapolegea, nikaubana kwa mikono miwili.