Nilivyoanguka Badala ya Corinne

Niliwahi kusukumwa ngazini na mume wa mtu, mchana kweupe, mbele ya umati. Nilipofika chini mdomo umejaa damu, watu wakapiga makofi.

Usinionee huruma bado. Sikia kwanza.

Naitwa Vilma. Niliingia Hollywood nikitokea sarakasi, na kazi yangu ilikuwa kuanguka. Mwigizaji akitakiwa kurushwa dirishani, navalishwa gauni lake, narushwa mimi, yeye yuko pembeni anakunywa kahawa. Niliyekuwa naanguka badala yake ni Corinne.

Na nilikuwa nampenda. Naye alinipenda, tena si kwa siri sana.

Miaka ile wakaguzi wa maadili walikuwa hawajaanza kukatakata picha zetu za sinema. Tulikuwa tunapiga kichekesho cha mapenzi: mke mmoja, waume wawili, wote nyumba moja, wanagombania sabuni bafuni. Mwishoni haachwi mtu. Watu walikuwa wanazipenda picha za namna hiyo balaa.

Mwongozaji alikuwa Garrett Pruitt, mume wa Corinne.

Studio, jamaa alikuwa raha tupu, anataniana mpaka na wafagiaji. Nyumbani alikuwa mnyama. Alimbana Corinne vidole kwa mlango wa gari, makusudi, eti kwa nini alimchekea mwigizaji mwenzake. Na kicheko chenyewe ni yeye Garrett aliyemwagiza acheke. Kesho yake akamvalisha glovu, akasema zinampendeza.

Aliyempaka vipodozi alijua. Mshona nguo alijua. Wote walikaa kimya, kwa sababu walikuwa wanakula kwa mkono wa Garrett.

Tulipanga kukimbilia Mexico. Lakini picha ilikuwa lazima iishe kwanza, maana akitoroka katikati studio ingemtafuta kwa mkataba na kumrudisha palepale kwa mumewe. Kazi yangu ikawa moja tu: afike siku ya mwisho akiwa hai.

"Nikifa kabla," aliniambia, "usikubali Garrett achague nguo ya kunizikia."

Sasa sikia kawaida ya studio. Tukio la hatari hupigwa mwisho kabisa. Wala si siri: mtu akivunjika shingo siku ya mwisho, sura yake yote imeshanaswa, na picha inakwenda sokoni kama kawaida.

Siku ya mwisho tulibakiza tukio la ngazi. Mume wa kwanza anashikwa na wivu, anamsukuma mke, mke anabingirika mpaka chini na kuangukia keki. Hiyo ilikuwa yangu. Nilishajifunga mito kiunoni.

Garrett akatangaza kwamba leo Corinne ataanguka mwenyewe. Akasema watazamaji si wajinga, wanaujua mgongo usio wake. Akaongeza kwamba atapanda yeye kwanza, amwonyeshe mwigizaji namna ya kusukuma.

Wenzangu hawakushtuka. Bosi alikuwa anapenda kumwonyesha kila mtu kazi yake.

Mimi nilipiga hesabu. Matukio yote ya uso wa Corinne yalikuwa yameisha. Studio haikumhitaji tena.

Nikakimbilia chumba chake. Nilimkuta amekaa sakafuni na shimizi, mdomo umepasuka.

"Anajua habari za Mexico," akasema.

"Nani kamwambia?"

"Sijui. Amesema leo nashuka zile ngazi mara moja tu."

"Nipe gauni."

"Vilma, atakuua."

"Kuanguka ndiyo kazi yangu. Lete gauni."

Gauni lilikuwa mikononi mwake tayari. Akalifunga mgongoni mwangu, akaniweka wigi, akanibusu shavuni kwa ule mdomo wa damu.

Sisi waangukaji tulizoea kuwapa watu mgongo, ili kamera isiinase sura. Basi nilipanda ngazi kwa mgongo vilevile, na hakuna aliyejua kuwa si Corinne. Nikasimama juu, uso nimeuelekeza ukutani.

Garrett akapanda nyuma yangu. Akanishika shingo kwa vidole vyake vinene, akanisindilia goti kwenye figo mpaka macho yakaona giza.

"Unakwenda Mexico na yule mwanasarakasi wako?" akaninong'oneza. "Hufiki hata mlangoni."

Nikageuza uso.

Akaniona. Lakini mikono yake ilishasukuma, na mikono yangu ilishaidaka tai yake.

Tukaenda wote.

Mimi najua kuanguka: kidevu kifuani, viwiko ndani, unajikunja. Yeye alifanya wanachofanya wasiojua, alitanguliza mikono. Nilisikia kifundo chake cha mkono kikivunjika. Kisha mfupa wangu wa bega. Kisha meno yangu mawili yakang'oka kwenye ukingo wa ngazi. Nilitapika damu juu ya shati lake jeupe na tai sikuiachia.

Chini, kichwa chake kilitangulia kugonga chuma cha taa. Ule mlio sitaki kuueleza.

Ndipo makofi yakapigwa. Walidhani ni mzaha wa bosi. Mtu mmoja akasema, "Safi sana, bosi." Bosi hakuitika, wala hakuitika tena.

Polisi walisema ajali. Na mimi nilisema ajali.

Studio haikukubali hasara. Kamera ilikuwa inazunguka muda wote, basi waliuweka ule mwanguko ndani ya picha, wakakata kabla sura ya Garrett haijaonekana vizuri. Ukumbini watu walicheka pale kuliko popote. Mimi nilikaa gizani na bega limefungwa, nasikia watu wakicheka mifupa yangu ikivunjika.

Corinne alikuwa pembeni yangu. Naye alicheka.

Tukahamia Ensenada, kulekule Mexico, tukafuga kuku. Majirani walituita wale dada wawili. Miaka ikapita, tukazeeka vizuri tu.

Siku moja tunanyonyoa kuku, akasema bila kuinua macho:

"Ni mimi niliyemwambia Garrett habari za Mexico."

Nikadhani anatania.

"Nilimwambia asubuhi ile. Nilijua atachagua ngazi, na nilijua wewe utakuja kuchukua gauni. Nilikuwa nimekutazama ukianguka miaka mingi, Vilma. Huachii ulichoshika."

Nilimzaba kofi. La kwanza na la mwisho maishani mwangu. Hakujikinga. Alifumba macho na kusubiri la pili, kwa jinsi alivyozoea, na nikauchukia mkono wangu.

"Na kama ningekufa mimi?" nikamuuliza.

"Ningelia sana," akasema. "Lakini ningekuwa hai."

Jamani, jifunzeni hapa. Mtu aliyepigwa muda mrefu anaweza kukupenda kwa moyo wake wote na bado akakusukuma mbele ya kifo chake. Mapenzi yake ni ya kweli. Na hofu yake ni ya kweli zaidi.

Mimi nilibaki naye. Wewe sikushauri.